Mali ya Umma na Mlango wa Fundi Mdogo

Mtu anunuapo kitu kwa mali yake mwenyewe, hapana wa kumuuliza. Akipenda atanunua kwa ghali kwa jirani yake kwa kumhurumia, na akipenda atakwenda soko la mbali kutafuta cha rakhisi. Fadhila ni yake na khasara ni yake. Lakini anunuaye kwa mali ya watu hana uhuru huo. Kila senti aitoayo ina mwenyewe, na mwenyewe hayupo pale dukani kusema nataka au sitaki.

Serikali na mabaraza ya miji hununua vitu vingi kuliko mtu yeyote: madawati ya skuli, dawa za hospitali, kokoto za barabara, unga wa wafungwa. Mwenye kushika mfuko huo huulizwa swali ambalo si jepesi. Je, yafaa ampe kazi fundi mdogo wa mji, hali ya kuwa yuko tajiri auzaye kwa bei ya chini kuliko yeye? Au huko ni kufanya ukarimu kwa mali isiyokuwa yake?

Watu katika jambo hili wamegawanyika. Wako wasemao kuwa mnunuzi wa umma kazi yake ni moja tu, kupata kitu kizuri kwa bei ndogo. Kusaidia maskini kuna mafungu yake, na mambo haya yasichanganywe. Na wako wasemao kuwa serikali si duka, na fedha iliyotoka kwa watu yapasa irudi kwa watu, hata kama kila dawati litazidi shilingi kadha. Kila mmoja katika hawa ameshika upande mmoja wa kweli akaudhani kuwa ndio kweli yote.

Mafaqihi wa madhehebu ya Shafii walimfananisha mtawala juu ya raia zake na walii juu ya mali ya yatima: kila alitendalo katika mali ile sharti liwe na maslaha kwa mwenyewe. Walii hana ruhusa ya kutoa sadaka katika mali ya yatima, ingawa sadaka ni jambo jema, kwani mtu hufanya wema kwa mali yake. Kadhalika wakili aliyepewa kitu akiuze, bila ya kuwekewa sharti jingine, haimjuzii kukiuza kwa punjo kubwa chini ya thamani ya mfano wake. Akiwa na rafiki mhitaji, na ampe kutoka mfukoni mwake.

Kwa hukumu hizi, kauli ya kundi la kwanza yaonekana kuwa na nguvu. Lakini kipimo walichokiweka mafaqihi ni thamani ya mfano na maslaha ya mwenye mali. Hawakusema bei ya chini kabisa. Walii amnunuliaye yatima kanzu ya rakhisi ipasukayo kwa mwezi mmoja hakumhifadhia mali yake. Tena yatima ni mmoja, na seremala ni mtu baki kwake. Umma sivyo ulivyo. Seremala naye ni katika wenye mali; watoto wake wasoma katika skuli ile ile, na kodi imetoka mkononi mwake pia. Fedha aliyolipwa yeye haikutoka nje ya nyumba, imehama chumba tu. Walakini seremala ni mmoja katika wenye mali, si wote. Mvuvi, na mwalimu wa skuli, na mjane mwenye kibanda cha mboga, wote wamechangia. Na ikiwa bei imezidi kwa ajili ya seremala, wana haki ya kuonyeshwa ni faida gani iliyowafikia wao. Fundo la mas-ala li hapa.

Sheria za Uingereza zafaa kutazamwa katika jambo hili, kwa sababu nchi ile imewahi kusimama pande zote mbili. Mwaka 1988 ilipitishwa sheria ya serikali za mitaa, na kifungu chake cha 17 kiliyakataza mabaraza ya miji kutazama mambo yasiyokuwa ya biashara wakati wa kutoa kazi: siasa za mkandarasi, nchi itokayo bidhaa yake, masharti ya watumishi wake. Ilikhofiwa kuwa mabaraza yataifanya kandarasi kuwa fimbo ya siasa, na khofu hiyo haikuwa ya bure. Baadaye katazo likalegezwa. Mwaka 2012 ikaja sheria ya thamani ya kijamii katika huduma za umma, iliyoletwa bungeni na mbunge mmoja, Chris White, si na serikali, nayo ikaanza kutumika tarehe 31 Januari 2013. Iliwataka wanunuzi wa umma, kabla ya kuitisha zabuni kubwa ya huduma, wafikiri ni vipi ununuzi ule waweza kuendeleza hali ya watu wa pahali pale, katika uchumi wao na maisha yao na mazingira yao.

Uzito wote wa sheria ile ulikaa juu ya neno moja, kufikiri. Ofisa akikaa kitini akafikiri, khalafu akainuka akafanya kama alivyofanya jana, ni vigumu kusema amevunja sheria. Kwa hiyo tangu Januari 2021 wizara za serikali kuu ziliamrishwa ziitie thamani hiyo katika mizani yenyewe, isipungue sehemu 10 katika 100 za alama.

Hesabu hii yataka kufahamiwa, kwani wengi huisikia kwa jina tu. Chukua zabuni yenye alama 100: 60 za bei, 30 za ubora wa kazi, na 10 za faida kwa jamii. Njia moja iliyo mashuhuri ya kuhesabu bei ni kumpa mwenye bei ndogo zote 60, na wengine wapungue kwa kadiri walivyozidi. Mzabuni wa kwanza ametaka 100,000, wa pili ametaka 111,000, na katika ubora wamelingana. Wa kwanza atapata 60 za bei, na wa pili 54 na kitu kidogo. Ikiwa katika faida kwa jamii wa kwanza amepewa 4 na wa pili amepewa 10, basi mshindi ni wa pili, kwa unywele. Maana yake ni kuwa umma umetoa 11,000 kununua ahadi zilizoandikwa katika karatasi yake. Hapana ubaya, maadamu ahadi zile zina thamani hiyo na zitatimizwa. Nani lakini atakayekwenda kuzihesabu mkataba ukisha kutiwa sahihi? Dawati bovu huonekana siku ya kwanza mtoto akikaa juu yake. Ahadi ya kufunza vijana ikivunjwa haitoi mlio.

Tena mizani hii, iliyowekwa ili mnyonge afikiriwe, ni nyepesi kumwelemea mnyonge mwenyewe. Kampuni kubwa ina watu ambao kazi yao usiku na mchana ni kuandika zabuni. Itaahidi kuwapa kazi vijana 20, nayo ina watumishi elfu kadha, na vijana 20 ingewaandika vyovyote vile. Fundi mwenye watu sita, ambaye kila mwaka hufunza vijana wawili katika karakana yake bila ya kuwaandika popote, huona haya hata kulitaja jambo hilo, kwani kwake si fadhila bali ni desturi ya kazi. Ofisa akihesabu vichwa, 20 ni zaidi ya 2. Akihesabu kwa kadiri ya uwezo, wawili kwa sita ni theluthi, na wale 20 katika elfu ni tone. Ni juu ya mwenye kuandika mizani kuchagua atahesabu namna gani, na uchaguzi huo hufanywa ofisini, kimya, kabla ya mtu yeyote kuleta bahasha.

Na mlango aghalabu hufungwa hata kabla ya mizani. Mathalan baraza la mji lataka madawati 4,000. Mafundi seremala wa mji ule ni wengi, na kila mmoja aweza kutengeneza madawati 60 kwa mwezi, mazuri, ya mbao kavu. Lakini tangazo limetoka la mtu mmoja kuleta yote 4,000 kwa miezi mitatu, naye awe na hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa, na dhamana ya benki, na bima iliyokwisha lipiwa. Hapana neno hata moja katika tangazo lile lisemalo kuwa fundi mdogo asije. Hata hivyo hakuna fundi mdogo atakayekuja. Atashinda mtu mwenye ofisi na simu, na huyo naye, kwa kuwa hana randa wala msumeno, atawaendea mafundi wale wale na kuwapa madawati 60 kila mmoja, kwa bei aliyokwisha katwa katikati. Dawati ni lile lile, na mkono uliolifanya ni ule ule. Umma umelipa bei ya tajiri, na fundi amepata ujira wa kibarua. Hapa bei ndogo haikupatikana, wala fundi hakusaidiwa, na wale wasemao kuwa kazi ya mnunuzi ni rakhisi tu wangepaswa kuwa wa kwanza kulalamika.

Mji wa Preston, katika jimbo la Lancashire, ulilijua jambo hili kwa shida. Ulikuwa ukitumaini mradi mkubwa wa maduka wa pauni milioni 700, na mwaka 2011 mradi ule ukaanguka. Baraza la mji likatazama liliyo nayo mkononi. Tangu mwaka 2013, pamoja na taasisi nyingine kubwa za pale kama chuo kikuu na polisi, likaanza kuuliza: fedha tunayonunulia yakwenda wapi? Ikaonekana kuwa mwaka 2012/13 taasisi sita zilitumia pauni milioni 38 tu ndani ya Preston, kama sehemu 5 katika 100 za manunuzi yao. Kufika mwaka 2016/17 zikawa milioni 111, zaidi ya sehemu 18 katika 100. Na katika jimbo zima la Lancashire, sehemu 39 zilipanda zikawa 79.

Jambo la kuzingatiwa ni njia waliyopita. Wakati ule Uingereza ilikuwa chini ya sheria za Umoja wa Ulaya, na sheria zile hazikuruhusu kumpa mtu kazi kwa sababu tu ni wa mji. Kwa hiyo hawakuongeza huruma katika mizani. Walikwenda kuongea na wafanya biashara kabla ya zabuni, wakajua nani aweza nini. Kisha wakazigawa kandarasi kubwa katika mafungu madogo. Chakula cha skuli, kilichokuwa cha mkandarasi mmoja, kiligawanywa: maziwa mbali, mayai mbali, jibini mbali, na wenye mashamba ya jimbo wakaweza kuzabuni na kushinda kwa haki.

Kuna itiraadhi moja juu ya Preston nayo ni ya kweli. Fedha iliyobaki mjini ni fedha ambayo haikwenda mji mwingine, na mji ule nao una mafundi wake na watoto wao. Kila mji ukijifungia, hapana atakayefaidika ila mwenye duka baya, aliyekwisha salimika na ushindani. Ndiyo sababu tofauti ni kubwa baina ya kumfungulia mlango fundi wa mji na kumfungia mlango fundi wa mji wa pili, japokuwa siku ya kuhesabu fedha mambo haya mawili yaweza kufanana.

Upande wa pili wa habari hii ni Carillion. Hii ilikuwa kampuni kubwa ya ujenzi na huduma, yenye kandarasi 450 hivi za serikali ya Uingereza: mahospitali, magereza, mashule. Ilikuwa imetia sahihi ahadi ya kuwalipa watu wake mapema, na huku masharti yake ya kawaida yalikuwa siku 120. Tarehe 15 Januari 2018 ikafilisika, na ripoti ya bunge ikaonyesha kuwa ilikuwa ikidaiwa kama pauni bilioni 2 na wauzaji na wakandarasi wadogo wapatao 30,000. Wale wadogo walikuwa wakifanya kazi ya umma, na fedha ya umma ilikwisha toka. Ilisimama njiani katika mkono wa mkubwa.

Sheria mpya ya manunuzi ya Uingereza, ya mwaka 2023, iliyoanza kufanya kazi tarehe 24 Februari 2025, yaonyesha kuwa mafunzo hayo yalisikiwa. Imemtaka mnunuzi atazame vizuizi viwakabilivyo wafanya biashara wadogo, na afikiri kama vyaweza kuondolewa au kupunguzwa. Hilo tena ni kufikiri. Lakini nyuma yake pana mambo yenye meno. Mnunuzi awezaye kuigawa kazi katika mafungu asiigawe, yampasa aandike sababu yake. Hana ruhusa ya kudai hesabu zilizokaguliwa kwa mtu ambaye sheria haimlazimishi kukaguliwa, wala kudai kuwa bima iwepo kabla ya kazi kutolewa. Na malipo yamewekewa siku 30, si kwa mkandarasi mkubwa tu bali na kwa walio chini yake. Hapana hata moja katika haya lililomwongezea mtu bei. Ukiyatazama yote ni kuondoa mawe mlangoni.

Kenya nayo ina mas-ala haya katika katiba yake. Kifungu cha 227 cha katiba ya 2010 chataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani, na wa gharama ifaayo. Na kifungu hicho hicho kimeruhusu yawepo makundi ya kutangulizwa na fungu la kuwekewa waliowahi kuachwa nyuma. Mwaka 2013 ikaamuliwa kuwa sehemu 30 katika 100 za manunuzi ziwe za vijana, wanawake na walemavu, na sheria ya 2015 ikalithubutisha jambo hilo. Sheria hiyo pia imewasamehe watu hawa dhamana ya benki ya zabuni, badala yake hutia sahihi tamko. Hili ni jema kuliko lionekanavyo, kwani dhamana ile ndiyo iliyokuwa ikiwarudisha watu kutoka kizingitini.

Lakini fungu la 30 lina fitina yake. Mtu mwenye mali huandikisha kampuni kwa jina la kijana wa nyumbani kwake, isiyo na ghala wala karakana, mali yake yote muhuri na karatasi. Kazi ikishinda, faida hurudi kwa mzee. Kijana hupewa cha kunywea chai. Na wako pia walio wadogo kwa kweli ambao kazi yao ni mbovu, na udogo wao si hoja mbele ya mtoto aliyeangukiwa na dawati. Mtu hawi mwadilifu kwa kuwa duka lake lina mlango mmoja.

Na jambo kubwa zaidi ni malipo. Watu wengi waliopata tenda hizi, na waliokuwa wakubwa na wadogo, wamelala na madai yao kwa miezi na miaka, serikali kuu na za kaunti zikisema deni latambulika na litalipwa. Mkubwa akicheleweshewa hukasirika. Mdogo hufilisika, kwani mbao alizinunua kwa rasilmali yake yote au kwa mkopo. Sheria ya 2015 imempa haki ya riba juu ya malipo yaliyochelewa. Lakini Mwislamu aliyeuza madawati hakuja kutafuta riba, alikuja kutafuta thamani ya madawati yake, na riba ile haiwezi kuwa dawa yake. Ajabu ni kuwa wakati huo huo mlango wa benki wamwita akope kwa riba ili angoje deni la serikali. Mwenye uwezo wa kulipa akichelewesha amedhulumu, na hili halina khitilafu kwa wanavyuoni. Serikali imtengeayo mnyonge fungu la zabuni kisha isimlipe haikumsaidia kitu. Imekopa kwake, bila ya kumuuliza, na yeye ndiye maskini kuliko wote wanaoikopesha.

Imebaki sura moja ambayo humfika ofisa mwema khasa, kwani ofisa mbaya haimsumbui. Bahasha zimefunguliwa. Fundi wa mji, mtu wa watu, mwenye kazi nzuri iliyojulikana, amezidi kwa bei kidogo tu, na katika tangazo haikuandikwa alama hata moja ya faida kwa jamii. Ofisa ajua kuwa kazi ile ingewalisha jamaa wanane pale mtaani. Moyo wamwambia, na pengine watu wazima wa mtaa nao wamekwisha mpitia nyumbani jioni. Haimjuzii kumpa. Wale wengine walizabuni kwa mizani iliyotangazwa, na kuibadili baada ya bahasha kufunguliwa ni khiana kwao na kwa wenye mali, hata ikiwa mnufaika ni mnyonge. Pahali pake pa kumtazama fundi yule palikuwa wakati wa kuandika tangazo: aigawe kazi, aondoe sharti lisilo na maana, aandike alama zake wazi na namna zitakavyohesabiwa, na ahakikishe kuwa fedha ya kulipa ipo kabla ya mtu kununua mbao. Kama hakufanya hivyo mwaka huu, kazi na aipate aliyeshinda. Na fundi akija kuuliza, amwonyeshe hesabu yake yote, alama kwa alama, na amwambie lini litatoka tangazo la mwakani.